Jibu langu: Scott Walker hakudaiwa zilipendwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii nimelikuta niko kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikalisoma mara tatu na usingizi ukaisha. Mmeuliza: "Mwanamuziki akishafika umri fulani, astaafu akiwa bado anapendwa au aendelee mpaka mwisho?" Najua wengi watawaandikia habari za Bi Kidude, na wana haki, yule bibi aliimba mpaka mwili ukakataa. Mi nataka kumzungumzia mtu mwingine kabisa, na swali lenyewe nimeligeuza kidogo mnisamehe. Kuendelea sawa, lakini aendelee na nini? Manake kuna wanaoendelea kwa kupiga zilipendwa zilezile miaka 40, watu wanainuka, wanacheza, wanarudi nyumbani roho nyeupe. Na kuna anayeendelea kwa kukataa. Wanaomwita huyo wa kukataa kuwa ni mwenye dharau ndo nataka nijibizane nao.

Scott Walker. Jina la kuzaliwa Noel Scott Engel, Mmarekani wa Ohio, kazaliwa 1943. Alihamia London 1965 na wenzake wawili, wakijiita The Walker Brothers ingawa hawakuwa ndugu na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na jina la Walker. Mwaka huohuo wakashika namba moja Uingereza, 1966 wakashika tena na The Sun Ain't Gonna Shine Anymore, ule hata kama hujui jina lake umeshausikia mahali. Sauti nzito, tamu, nyuma yake violini zimejaa mpaka darini. Wasichana walikuwa wanazimia. Mwaka huo wa 1966 mwenyewe alikimbilia kwenye nyumba ya watawa kisiwa cha Wight akajifunze uimbaji wa kale wa kanisani na apate utulivu, mashabiki wakamfuata hukohuko.

1967 kundi likavunjika akaanza peke yake, na mwanzo mambo yalikwenda, albamu yake ya pili ilifika namba moja 1968, BBC wakampa kipindi cha televisheni 1969. Halafu mwisho wa mwaka huohuo akatoa Scott 4, nyimbo zote kaandika mwenyewe, akaitoa kwa jina lake la kuzaliwa, haikuingia hata kwenye chati. Leo watu wanaiita moja ya albamu bora za zama zile, lakini wakati ule kimya. Akavunjika moyo, akarudi kuimba nyimbo za watu miaka kadhaa, na baadaye alikuja kukiri mwenyewe kwamba miaka ile hakuwa mkweli. Mpaka 1978, kundi lilikuwa limerudiana, wanatoa albamu ya mwisho inaitwa Nite Flights, akaweka humo nyimbo zake 4 na mmoja wapo, The Electrician, unahusu mtesaji na anayeteswa. Hapo alivuka mto. Mwimbaji David Bowie aliusikia wimbo mwingine wa humo, ule wenye jina la albamu, akaurudia mwenyewe 1993.

Baada ya hapo hesabuni: albamu moja 1984, nyingine 1995 (Tilt), nyingine 2006 (The Drift), nyingine 2012 (Bish Bosch), kisha 2014 moja na kundi la magitaa mazito la Sunn O))). Yaani miaka 11, miaka 11 tena, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia. Hakuna kiitikio, hakuna mdundo wa kushika. Ile sauti nzito waliyoizimikia aliipandisha juu, anaimba kama mtu amesimama gizani na hajui kilicho mbele yake. Na jukwaani hakupanda tena. Toka mwisho wa miaka ya 70 mpaka anafariki Machi 2019, akiwa na miaka 76, hakuna mtu aliyekata tiketi akaingia ukumbini akamsikia akiimba. Hata 2008 pale ukumbi wa Barbican London walipofanya onyesho la nyimbo zake, waliimba wengine, akina Jarvis Cocker na Damon Albarn, yeye yumo ndani anasimamia sauti.

Msimamo wangu kabla sijaanza kuandika ulikuwa huu: hakudaiwa kitu. Ulinunua santuri 1966, umepewa santuri, mmemalizana. Fundi aliyekushonea suti ya harusi hulazimiki kumkuta anashona suti ileile mpaka anakufa.

Sasa niwaambie nilivyomjua.

Nafanya kea, kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, ya kuzunguka majumbani, hapa Reading, Uingereza, na wengi wenu mnapajua hapa Waswahili tumejaa. Mwaka 2019 nilikuwa na mama mmoja wa Kiingereza, ana miaka 69, kiharusi kilimchukua upande wa kulia, mkono haufanyi kazi na sikio la kulia zito, ukitaka kuzungumza naye unakaa kushotoni kwake. Ofisini wanataka tuwaite kwa majina yao, mi nilishindwa, mtu wa umri ule nitamwitaje jina kavu, nikawa namwita Mama na yeye akazoea, akanisahihishia matamshi ya Kiingereza changu kama mtoto wake. Nilikuwa namwendea mchana. Dakika 30: supu, dawa, choo, kuandika kwenye kitabu, kuondoka.

Jumatatu tarehe 25 Machi nafungua mlango namkuta kakaa, redio inaongea, hajageuka. Nikadhani amepata kiharusi kingine, nikakimbilia mbele yake. Akasema amekufa. Nikauliza nani Mama, akaonyesha redio kwa mkono wa kushoto.

Mi nilikuwa simjui huyo Scott. Nilimjua kwa picha tu, ilikuwa ukutani kwenye korido, kijana wa nywele za kuangukia machoni, miezi yote nilidhani ni marehemu mumewe. Nikataka kumliwaza, nikaenda kwenye kabati la santuri nikatoa ile ndogo ya 1966, kava imechakaa pembe zote, nikamwambia nikuwekee hii. Akasema sio hiyo. Akanionyesha rafu ya chini kabisa. Pale palikuwa na sidii, The Drift na Bish Bosch, zote mbili zimo kwenye plastiki yake ya dukani, hazijafunguliwa. Alizinunua zilipotoka. Moja ilikuwa imekaa pale miaka 13 na nyingine 6. Pembeni yake bati la biskuti limejaa vipande vya magazeti, kila kilichoandikwa kuhusu albamu zile amekikata akakihifadhi, amesoma yote. Kusikiliza, hapana. Ile ya 1995 aliijaribu akafika nusu akazima na hakuirudia.

Akasema fungua The Drift. Nikaikata ile plastiki kwa mkasi wa jikoni.

Wimbo wa kwanza ulipita nikiwa napasha supu, nikaona ni kelele za gitaa na mtu analalamika. Wa pili unaitwa Clara, una dakika 12 na zaidi. Unaenda kimyakimya, halafu inasikika sauti fulani, puu, puu, nzito, haina mlio wa ngoma. Nikasimama na kijiko mkononi. Baba yangu alikuwa na bucha Ngamiani, Tanga, nimekulia mle ndani, alikuwa akitaka kumwonyesha mteja nyama ni ya leo analipiga kofi paja linaloning'inia. Ile sauti siwezi kuisahau na siwezi kuichanganya na nyingine. Ila hii haikuwa kofi, ilikuwa ngumi. Nikamwambia Mama, huyu anapiga nyama. Akageuka kuniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema umejuaje? Ni nyama kweli, nimesoma, waliweka pande la nyama studio na mpiga ngoma akalipiga ngumi.

Akanieleza wimbo wenyewe. Clara Petacci, mwanamke wa Mussolini. Aprili 1945 alipigwa risasi pamoja naye, maiti zikapelekwa Milano zikaning'inizwa kichwa chini kwenye kituo cha mafuta, watu wakazipiga na kuzitemea mate. Ndo ile nyama. Nilikaa chini. Mtu anaweza kuniambia ni upuuzi, kuita nyama ala ya muziki, lakini mi nilikulia kwenye nyama na nawaambia hakuna ngoma ingenifikisha pale. Ningesikia ngoma ningesema ngoma. Pale nilisikia mwili wa mtu.

Dakika zangu zilikuwa zimeisha zamani. Simu inaita mfukoni, mzee wa pili ananisubiri vituo vitatu vya basi mbele (alikula saa nane siku ile, na nililipia kosa hilo kwenye mshahara, haya tuyaache). Mama akasema usizime. Nikamwuliza, kwa nini ulikuwa unanunua usisikilize? Nikategemea aseme amebadilika, siyo yule wa zamani, ile lawama mnayoijua. Akaniambia kitu kingine kabisa.

Alisema tarehe 31 Machi 1967 alikuwepo Finsbury Park, London, usiku wa kwanza wa ziara ya mwisho ya The Walker Brothers nchini Uingereza kabla hawajavunjika. Ndo usiku uleule Jimi Hendrix alichoma gitaa jukwaani kwa mara ya kwanza, alikuwa mmoja wa waliopanda jukwaani kabla yao. Watu mpaka leo wakisikia alikuwepo wanamwuliza habari za moto. Yeye alikwenda kwa ajili ya Scott, ana miaka 17, ameweka akiba ya nauli na tiketi. Na Scott alipotoka, ukumbi mzima ulipiga mayowe, na yeye alipiga mayowe, kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Akasema: sikumsikia hata neno moja. Nilikuwa pale na sikumsikia, kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe.

Miaka 52 Mama alikuwa anasubiri kumwona tena jukwaani ili akae kimya amsikilize. Na aliapa kwamba hatamsikiliza mambo mapya nyumbani peke yake, atasikia akiwa mbele yake, kwa mara ya kwanza. Akanionyesha sidii pleya akasema, hata hiyo nyama angeipiga. Nisingetoa sauti.

Nimeandika mpaka hapa na naona ule msimamo wangu wa fundi na suti hausimami tena, niseme ukweli. Nilikuwa najibu watu wanaodai zilipendwa, na hao bado nasema hawana haki, wakanunue santuri. Lakini Mama hakudai zilipendwa. Yeye alikuwa amebadilika pamoja naye, kimyakimya, na bati lake la biskuti, na hakuwa na njia ya kumwambia kwamba wale wapiga mayowe wamekua.

Kwa upande mwingine najua yale mayowe ndo yalimwondoa. Alikuwa na hofu ya jukwaa, na ukisoma walivyokuwa wanamvuta nguo na kumrarua humlaumu mtu kuogopa. Na pengine mtu mwenye moyo wa kurudi jukwaani kila mwaka asingekuwa na moyo wa kukaa miaka 11 na wimbo mmoja mpaka anapata sauti ya ngumi kwenye nyama. Sijui kama unaweza kuvipata vyote viwili kwa mtu mmoja. Toka siku ile nimesikiliza albamu zote, kwenye basi, usiku, na Scott 4 naipenda kuliko zote, lakini ninayoirudia ni The Drift, hasa ule wimbo wa mwisho, sauti na gitaa tu, baada ya vita yote ile.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Bish Bosch hatukuifungua.

Kwa hiyo kama mnahesabu kura, yangu iwekeni kwa kuendelea mpaka mwisho, na aendelee na analolitaka yeye. Lakini mkiniuliza kama alikuwa na deni, niliyeanza kwa kusema hana, nasema alikuwa nalo, usiku mmoja, siyo ziara, siyo televisheni, ukumbi mdogo wa viti mia tatu, milango ifungwe, simu zibaki nje, aimbe lolote. Na Mama apewe kiti cha mbele, mwisho kabisa upande wa kulia, ili sikio lake la kushoto liwe linamwelekea yeye.