Jodari Anayepita ni wa Nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mvuvi wa sangara hapa Igombe, Mwanza. Nikikutwa na sangara wa chini ya sentimita 50, nina kesi. Mdogo wangu anavua Tanga, anasema meli za wageni zinazoa jodari huko nje na hakuna anayezigusa. Rula ni ya kwetu tu? Na huyo jodari ni wa nani?
Baba Neema, Igombe

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Kipimo umekitaja sawasawa, sitauliza umekijuaje.

Sangara wako azurure vipi, ataishia Tanzania, Uganda au Kenya, na nchi hizo tatu zina taasisi yao ya uvuvi pale Jinja. Jodari hana kwao. Kati ya 2005 na 2007 watafiti walivua jodari zaidi ya 160,000 wakiwa hai, wengi wao mwambao wetu wa Tanzania, wakawachomeka mgongoni kijiti cha plastiki chenye namba na kuwarudisha majini. Vijiti vile vikaja kuonekana Shelisheli, kwenye shehena za meli zilizovua mbali kabisa na sisi.

Ndiyo maana sheria ya bahari ya 1982 inampa mwenye pwani maili 200, lakini kwa samaki wa namna hii inamtaka akae na wenzake. Sisi tunakaa kwenye Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, tuliyojiunga nayo 2007. Kule rula haisaidii. Meli kubwa hutupa maboya, jodari wakajikusanya chini yake kama dagaa kwenye taa, kisha wavu unazungushwa na makinda yanakwenda na wakubwa. Kwa hiyo wanabana tani, na idadi ya maboya kwa kila meli.

Kinachoniudhi ni kifungu kimoja: nchi isiyoridhika na azimio ina siku 120 za kupinga, na ikipinga haibanwi. Jodari wa mapezi ya njano walipozidiwa, mpango wa kuwanusuru ulipitishwa 2016. Ulipokazwa 2021, wanachama kadhaa walipinga wakabaki na masharti ya zamani. Hebu BMU yenu, kikundi chenu cha kulinda rasilimali za uvuvi, ingekuwa na kifungu hicho, Igombe pangekalika?

Kwamba meli za wageni haziguswi, hapana. Mdogo wako hakumbuki "samaki wa Magufuli"? Mwaka 2009, Magufuli akiwa waziri wa uvuvi, meli Tawariq 1 ilikamatwa kwa tuhuma za kuvua bila leseni katika maji yetu, samaki wakagawiwa. Hukumu ilikuja kutenguliwa na Mahakama ya Rufani, maana kukamata ni kazi moja na kesi ni nyingine. Leseni za huko nje zinatoka Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, Fumba, Zanzibar.

Na mdogo wako mwenyewe asijitoe. Karibu nusu ya jodari na jamii zake katika Bahari ya Hindi wanavuliwa na wavuvi wadogo, na mgao wa nchi hutetewa kwa takwimu. Afisa uvuvi akifika dikoni na daftari lake, ampe kilo za kweli.