Alt ya kulia inafungua hesabu za korosho badala ya kuandika ŋ

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Newala, nakusanya hadithi za wazee wetu kwa Kimakonde. Nimetengeneza mpangilio wangu wa kibodi kwa Microsoft Keyboard Layout Creator, ili Alt ya kulia na n inipe ŋ, na Alt hiyohiyo na irabu inipe irabu yenye alama ya toni. Irabu zinatoka vizuri. Ila kila nikitaka ŋ, linafunguka faili la Excel la hesabu za korosho! Kompyuta nimeachiwa na binamu yangu aliyekuwa karani wa chama cha msingi. Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa kazi hiyo. Hujakosea popote. Mpangilio ukishakuwa na herufi kwenye Alt ya kulia, Windows huihesabu Alt hiyo kuwa ni Ctrl na Alt zimebonyezwa pamoja. Hata kwenye programu uliyotumia, kisanduku cha kuiwasha kimeandikwa Alt+Ctrl. Kwa hiyo ukibonyeza Alt ya kulia na n, kompyuta inasikia Ctrl+Alt+N.

Sasa, Windows inaruhusu ikoni kupewa njia ya mkato, yaani vitufe vya kuifungua bila kuibofya, na njia hizo kwa kawaida huanza na Ctrl+Alt. Naamini binamu yako aliipa ikoni ya faili lake herufi n, awahi kulifungua msimu wa minada. Tafuta ikoni hiyo kwenye desktop au menyu ya Start, bofya kulia, ingia Properties, kisha kwenye Shortcut key bonyeza Backspace hadi pasomeke None. Hifadhi, ujaribu tena ŋ.

Ikikataa, angalia programu zinazojificha pale karibu na saa, hasa za kurekodi skrini na za kadi ya picha. Nazo hujitwalia Ctrl+Alt na herufi fulani, na herufi yako haifiki kwenye ukurasa.

Nakusihi jambo moja: usiongeze programu nyingine ya kubadili vitufe juu ya mpangilio huu ili kukwepa tatizo. Alt ya kulia hutuma na Ctrl ya kushoto kimyakimya. Programu ikiimeza taarifa kwamba umeachia kitufe, kompyuta inadhani Ctrl bado imeshikiliwa. Hapo unaandika w, kompyuta inasikia Ctrl+W, dirisha linafungwa na hadithi ya mzee inaweza kupotea. Ikikutokea, gusa Ctrl ya kushoto mara moja uiachie.

Kwa kazi yako mimi ningeachana kabisa na Alt. Tumia kitufe bubu: unakigusa, hakitoi kitu, kisha herufi inayofuata ndiyo inayobadilika. Kile kilicho kushoto kwa 1 hakina kazi kubwa kwenye Kimakonde. Kiguse kisha n upate ŋ, kiguse kisha a upate á. Kikiwa na Shift kiwe kitufe bubu cha pili, cha â na wenzake. Hakuna Ctrl wala Alt inayohusika, hivyo hakuna wa kugombana naye, na vidole havichoki kushikilia vitufe viwili siku nzima. Programu yako inaweza: bofya kulia kwenye kitufe, ukifanye bubu, ujaze jozi za herufi. Kabla ya kusakinisha toleo jipya, ondoa kwanza la zamani.