Mtaji uko kwa waliokuona ukifanya kazi

Dada mmoja wa Karatu kaniandikia: "Kaka, baba yangu ni mkulima, hatuna nyumba ya kuweka rehani, na kila benki inanizungusha. Wewe ulitokaje kwenye vitunguu hadi leo unakaa kwenye kamati ya kukopesha watu?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona nitamdhulumu. Najua wapo wengi humu wanaoota ofisi na kiti cha kuzunguka, huku wakiona aibu kutaja shamba la nyumbani. Basi someni wote.

Naanza na mtu ambaye habari zake zilinishika mkono siku nilipokuwa chini. Amadeo Peter Giannini alizaliwa San Jose, California, tarehe 6 Mei 1870. Baba yake, Luigi, alitoka Liguria huko Italia, akavuka bahari, akanunua ekari 40 pale Alviso, kusini mwa ghuba ya San Francisco, akalima matunda na mboga. Amadeo akiwa bado mtoto mdogo, baba yake aligombana na mfanyakazi juu ya ujira. Ugomvi wenyewe inasemekana ulikuwa wa dola moja. Yule mfanyakazi akampiga risasi, akafa.

Mama, Virginia, akabaki mjane kijana na watoto na shamba. Huyu mama hasemwi vya kutosha. Baadaye aliolewa na Lorenzo Scatena, msomba mazao kwa mkokoteni wa farasi. Familia ikahamia San Francisco, na Scatena akaanzisha biashara ya jumla ya mboga na matunda. Amadeo hakumaliza shule. Akiwa kijana wa miaka 15 hivi alikuwa tayari anazunguka mashambani kununua mazao. Huku kwetu tungemwita dalali, tena kwa sauti ya kumsema vibaya. Lakini dalali huyo alijua mkulima gani anapanga matunda mabovu chini ya sanduku, na yupi neno lake halirudi nyuma. Ujuzi huo ndio aliokuja kufungulia benki.

Mimi baba yangu alishuka Mang'ola akitokea Singida, wakati bonde lile la Ziwa Eyasi bado lina pori la kutosha kupotelea. Alifyeka kipande chake, akachimba mfereji na wenzake, akajifunza kugombea zamu ya maji usiku wa manane. Nimelelewa na kitunguu. Ada yangu ya shule ni kitunguu. Nilipotaka kupanua shamba nikaenda benki moja mjini na daftari la mauzo la baba, limeandikwa vizuri, msimu kwa msimu. Ofisa mikopo hakulifungua. Alilisukuma kwangu kwa kalamu, kwa ncha ya kalamu, akasema, "Kijana, lete hati ya nyumba, siyo hadithi za vitunguu." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nimesamehe, lakini hadi leo nikiwa mjini napita upande wa pili wa barabara ile.

Miaka iliyofuata siisimulii, ni palizi na madeni. Tulianza VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wakulima na wapakiaji, tukiweka akiba kila wiki. Kikundi kikakua kikawa SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, na kamati yake ndiyo ninayokaa. Msimu huu marejesho yote yameingia kabla ya mvua za vuli. Ndiyo, najisifu. Ningependa yule ofisa asome.

Giannini naye alikataliwa kwa namna yake. Mwaka 1902 baba mkwe wake alifariki, naye akaachiwa kusimamia mali, pamoja na nafasi kwenye bodi ya benki ndogo ya akiba. Akawasihi wenzake wawakopeshe wahamiaji na wachuuzi. Hawakutaka. Akatoka, na Oktoba 1904 akafungua Bank of Italy mtaa wa North Beach, kwenye jengo lililokuwa baa. Tetemeko la Aprili 1906 lilipoleta moto, aliondoa benki fedha na dhahabu ya kama dola 80,000 kwa mikokoteni ya mboga ya baba wa kambo, akazifunika kwa machungwa ili wezi wasijue. Mabenki mengine masanduku yao ya chuma yalikuwa bado ya moto, hayafunguki. Yeye akaweka ubao juu ya mapipa pale bandarini, akaanza kukopesha. Dhamana ilikuwa nini? Aliwafahamu wale watu. Benki hiyo mwaka 1930 ikaitwa Bank of America.

Wala simfanyi malaika. Miaka hiyo ya 1930, mdororo ulipobana, kampuni za himaya yake zilishika mashamba mengi ya wakulima walioshindwa kulipa. Kumjua mkulima hakumzuii mkopeshaji kumfilisi.

Sasa dada yangu, sikiliza. Anza kuweka akiba mahali wanapokuona. Mdhamini wako awe mtu anayelima jirani na wewe, maana huyo anajua kama kweli umepanda. Kitunguu kinakula miezi mitano hivi kuanzia kitaluni, kwa hiyo mkopo wa kurejesha kila wiki ukimbie hata kama wanatabasamu. Omba wa kulipa baada ya mavuno. Na piga hesabu kwa gunia la kawaida, tena uuze kwa hilohilo. Wengi wanaleta kwetu makadirio mazuri, halafu mnunuzi anakuja kufunga lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, shingo imepanda juu, na theluthi ya faida imekwenda bure. Kamati tukiona hesabu ya namna hiyo tunairudisha.

Zaidi ya yote, acheni kumficha baba mkulima. Nawaona vijana wanakuja na wasifu uliochapwa, wameandika "mjasiriamali", wakati mzee nyumbani amelima bonde lile tangu hakuna barabara na kila mtu sokoni anamheshimu. Mnaacha jina lenye thamani mnakuja na karatasi! Mungu anawaona. Dada, ukija kwenye kikundi chochote huko kwenu, njoo na mzee. Akae mbele. Aulizwe yeye kwanza alivuna magunia mangapi msimu ule ukungu ulipoingia, na deni la mbegu alilimaliza lini.