Usisaini barua hiyo ya fremu: "by" si "kwa" tu

Usisaini. Umeuliza maana za "by" katika "by bus", "by hand" na "by the road", kisha ukataja kama jambo dogo kwamba kodi ya fremu yako ya duka ni shilingi 150,000 kwa mwezi, kwamba barua ya mwenye nyumba inasema itapanda "by 200,000", na kwamba umeridhika kwa sababu nyongeza ni 50,000 tu. Ndugu yangu, utalipa 350,000.

Shimo hilo nimewahi kulitumbukia. Msambazaji wa sabuni aliniandikia kwamba katoni iliyokuwa ikiuzwa shilingi 30,000 imeshushwa bei "by 12,000", nami nikaelewa kwamba sasa inauzwa kwa 12,000. Niliwapigia simu wenye maduka wa mtaani kwetu, nikawaahidi katoni kwa 15,000, nikapokea fedha za katoni 200, na usiku ule nililala nikijiita tajiri. Ankara ilipofika, kila katoni ilisomeka 18,000. Kwa kuwa wateja nilikuwa nimekwisha kuwapa risiti, nilifidia shilingi 3,000 za kila katoni kutoka mfukoni mwangu, jumla 600,000, yaani 300,000 kwa kila herufi ya neno hilo.

Aliyenifikisha hapo ni mwalimu wa kozi ya jioni, aliyetuandikia ubaoni kwamba "by" ni "kwa", akafuta ubao na kuondoka. Hakutuambia kwamba "kwa" yetu yenyewe ina sura mbili: sabuni inayouzwa kwa 12,000 imetajwa bei, ilhali sabuni iliyopungua kwa 12,000 imetajwa tofauti. Kiingereza huzitenganisha, kwani bei ikipanda au kushuka, "by" hutaja kiasi kilichoongezwa au kuondolewa, na "to" hutaja ilipoishia. Ada yake mwalimu huyo aliichukua kamili, bila punguzo la "by" wala la "to".

Kwa hiyo ukiona kitenzi cha kupanda au kushuka, kisha "by", kisha tarakimu, chukua kikokotoo, jumlisha au toa, na uandike jibu pembeni mwa barua kwa kalamu kabla hujamjibu mtu yeyote.

Hiyo "by bus" ni kwa basi, na haijamfilisi mtu. Lakini barua yako inataka sahihi "by Friday", maana yake iwe imemfikia mwenye nyumba kabla Ijumaa haijaisha. Leo ni Jumatano, nenda mkaijadili hiyo 350,000.