Walker walikuwa wanatembea kwenda wapi?

SWALI: Mhariri mambo, hivi hili jina la ukoo la Walker kule Uingereza ina maana babu zao walikuwa watembezi sana au vipi? Na mbona wako wengi hivyo?

JIBU: Poa msomaji wetu. Walikuwa wanatembea kweli ila palepale walipo, yaani kitambaa cha sufu kikishafumwa kinatumbukizwa kwenye pipa la maji na mkojo uliochacha (ndio, mkojo, maana ukali wake unakata yale mafuta ya kondoo), halafu mtu anaingia miguu peku anakanyaga masaa kibao mpaka nyuzi zishikane kitambaa kiwe kizito. Harufu yake sasa! Fundi huyo kaskazini mwa Uingereza na Scotland aliitwa Walker, kusini mashariki ni Fuller, Devon na Cornwall kule kusini magharibi ni Tucker, kazi ileile. Baadaye vikaja vinu vya maji vyenye nyundo, Yorkshire huko kaskazini kuna kimoja kimetajwa kwenye maandishi ya mwaka 1185, miguu ikapumzika lakini jina likabaki na watoto wakalirithi hata wasiowahi kugusa kitambaa.

Wingi wao unaeleweka, biashara ya sufu ilishamiri huko na sehemu nyingi zilikuwa na fundi wake, wala hawana undugu, ndo maana Walker imo kwenye majina 20 ya juu Uingereza na Marekani pia wamejaa. Kwa hiyo Walker wawili wakikutana wasikimbilie kuitana binamu.