Cheti cha kuzaliwa hakitatosha

Swali la wiki lilikuwa: Marekani ikibadili uraia wa kuzaliwa, yaani haki ya anayezaliwa nchini humo kuwa raia, nani ataguswa? Wengi huwafikiria wasio na vibali tu. Mwanafunzi mwenye viza halali ataguswa vilevile.

Amri ya Rais Trump Na. 14160, iliyosainiwa tarehe 20 Januari 2025 na kuzuiwa na mahakama kabla haijaanza kutumika, inaangalia hadhi ya wazazi siku ya kujifungua. Mama akiwa raia au ana grini kadi (kibali cha makazi ya kudumu), mtoto ni raia. Akiwa hana kibali, au ana viza ya muda kama ya masomo, kazi au utalii, basi baba lazima awe raia au mwenye grini kadi siku hiyohiyo. Chukua mfano: mama yuko chuoni, baba anafanya kazi kwa H-1B, viza ya muda ya kazi. Grini kadi zao zikitoka wiki moja baada ya kujifungua, mtoto amekosa uraia.

Ugumu mkubwa uko kwenye karatasi. Leo mzazi hutia alama kwenye fomu hospitalini, namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) ya mtoto ikaja kwa posta. Baadaye cheti cha kuzaliwa huambatanishwa na fomu ya pasipoti, DS-11. Cheti hicho kinataja tarehe na mahali, hakitaji viza ya mama. Kikipoteza uzito wake, hata raia watalazimika kuthibitisha hadhi zao ili mtoto apate haki yake. Tena amri inamtambua baba wa damu tu. Akikimbia, au jina lake lisiandikwe, mama atathibitisha kwa kitu gani?

Watetezi wa amri wanasema hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1898 iliyomtambua Wong Kim Ark, aliyezaliwa Marekani na wazazi Wachina, kuwa raia, ilihusu wazazi wenye makazi ya kudumu. Sikubaliani nao. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, yanamtaka mtoto azaliwe nchini na awe chini ya mamlaka yake. Hayataji makazi ya wazazi.

Mkenya ana ahueni: kwa Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya, mzazi mmoja raia anatosha, popote mtoto azaliwapo. Mtanzania aangalie zaidi. Mzazi aliyepata uraia kwa kurithi, naye alizaliwa nje, hawezi kumrithisha mwanawe anayezaliwa nje. Wazazi wawili wa namna hiyo, wote wakiwa na viza za masomo, wakijifungulia Ohio, Marekani, chini ya amri hii, mtoto wao anaweza kuanza maisha bila uraia wa nchi yoyote.