Sauti inayonirudisha nyumbani

Umeuliza ni sauti gani hutukumbusha nyumbani. Kwangu ni kikohozi cha baba mlangoni, kile kifupi, kabla hajatia ufunguo kwenye kitasa. Sote tulijua amefika hata kabla mlango haujafunguka. Halafu nyayo za mama: ana namna ya kuburuza ndala ya mguu mmoja ambayo ningeitambua kati ya watu mia. Wala si ajabu, maana mtoto huanza kuisikia sauti ya mama angali tumboni, na akizaliwa tayari anaitofautisha na za wengine. Baba hayupo tena. Nikisikia ufunguo ukizungushwa popote, bado nageuza kichwa. Kama wako wapo, warekodi kwenye simu leo, hata wakiwa wanapiga soga tu.